Mzazi, Mwalimu na Hesabu za Mtoto: Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Wahenga wametuachia kisa cha fisi aliyefika njia panda akasikia harufu ya nyama ikitoka njia zote mbili. Asitake kuikosa hata moja, akaweka miguu ya kulia njia hii na miguu ya kushoto njia ile, akaenda hivyo hivyo mpaka akapasuka msamba. Ndipo iliposemwa kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Methali hiyo kwa kawaida hutumika kuwaonya walafi na vigeugeu. Mimi imenijia kwa sababu nyingine kabisa, nayo ni daftari la hesabu la binti yangu wa darasa la tatu.

Jioni moja ya siku za mvua nilirudi kutoka kazini nikiwa nimechoka kama wachokavyo watumishi wote wanaosimama ndani ya daladala tangu mjini mpaka pembezoni. Nilimkuta binti yangu mezani, penseli ameilaza juu ya daftari, anatazama ukuta. Alikuwa amepewa kazi ya nyumbani ya maswali matano ya kutoa: 52 kutoa 27, 63 kutoa 18, 91 kutoa 34, 80 kutoa 45 na 74 kutoa 26. Kwa mtu mzima hayo ni maswali ya kumalizwa kabla chai haijapoa.

Swali la kwanza alikuwa amekwisha kulianza. Ile 5 ya 52 alikuwa ameikata kwa mstari na kuandika 4 juu yake. Badala ya kumwuliza alikuwa akifanya nini, nilimwingilia. "Siyo hivyo, mwanangu. Mbili kutoa saba haiwezekani. Kopa moja, mbili iwe kumi na mbili. Kisha hiyo moja uilipe huku chini, ile mbili ya chini iwe tatu."

"Lakini, baba, mwalimu hakusema hivyo."

"Mwalimu wako kasema nini?"

"Kasema tuvunje kumi."

"Mambo ya kuvunja vunja ndiyo yanayowapotezeni. Fanya kama ninavyokwambia."

Nakiri mbele ya wasomaji kwamba sauti yangu haikuwa ya upole. Mtoto aliinama akaandika, nami nikaenda kuoga nikiamini kwamba nimetimiza wajibu wa mzazi.

Kesho yake daftari lilirudi likiwa na alama tano za kosa kwa wino mwekundu. Sifuri kati ya tano. Majibu aliyoyaandika yalikuwa 15, 35, 47, 25 na 38. Mtoto hakulia. Alisema neno ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko kilio. Alisema, "Baba, mimi sina kichwa cha hesabu." Umri wake ni miaka minane.

KOSA LENYE MPANGO

Fikra yangu ya kwanza, kama ilivyo desturi yetu wazazi, ilikuwa kumlaumu mwalimu. Fikra ya pili ilikuwa kumlaumu mtoto kwamba hasikilizi. Usiku, watoto walipokwisha lala, nilikaa na lile daftari nikaandika majibu sahihi pembeni mwa majibu yake: 25, 45, 57, 35 na 48. Hapo nikaona jambo ambalo lilinipasa kuliona mapema. Kila jibu la mtoto lilikuwa limepungua kumi moja kamili, wala si zaidi wala si pungufu. Mtoto aliyekosa kwa kubahatisha hawezi kukosa kwa mpangilio kama huo. Kosa lenye mpango ni kazi ya akili inayofuata kanuni fulani, hata kama kanuni yenyewe imeharibika njiani.

Nikaitafuta hiyo kanuni. Katika 52 kutoa 27, mtoto alivunja kumi moja kama alivyofundishwa shuleni, kwa hiyo makumi matano yakabaki manne, na mamoja mawili yakawa kumi na mawili. Baada ya hapo akanitii mimi baba yake, akailipa ile moja huku chini, makumi mawili yakawa matatu. Kumi na mbili kutoa saba ni tano. Nne kutoa tatu ni moja. Jibu likawa 15. Alikuwa amemheshimu mwalimu, na alikuwa amemheshimu baba. Deni moja alilikatia juu, kisha akalilipa tena chini. Miguu ya kulia njia hii, miguu ya kushoto njia ile.

Ndugu msomaji, naomba tulitafakari jambo hili kwa makini, kwa maana halinihusu mimi peke yangu. Kama ningemwacha mtoto aendelee na njia ya mwalimu, angepata. Kama mwalimu naye angekuwa amemfundisha njia yangu tangu mwanzo, angepata. Alikosa kwa sababu watu wazima wawili, kila mmoja akiwa na njia iliyo sahihi, walimvuta kutoka pande mbili bila kuonana. Hasara ya mvutano huo haikuwa yangu wala ya mwalimu. Ilimwangukia yule aliye mdogo kuliko wote, naye akaitafsiri kwamba upungufu uko kichwani mwake.

NJIA ZOTE MBILI NI ZA KWELI

Njia yangu nilifundishwa na marehemu baba yangu, aliyesoma mpaka darasa la nne enzi za mkoloni. Nilipomwuliza kwa nini tunalipa chini kile tulichokopa juu, alinijibu kwamba deni halisahauliwi. Jibu lilinitosha, na kwa miaka yote hiyo nimetoa namba bila kukosea na bila kujua kwa nini sikosei.

Ukweli wake ni huu. Njia ya kukopa na kulipa haikopi kwa mtu yeyote. Inaongeza kumi juu na kuongeza kumi chini. Ukiongeza kiasi kilekile kwenye namba zote mbili, tofauti yao haibadiliki. Mtu mwenye miaka 52 amemzidi mwenye miaka 27 kwa miaka 25. Baada ya miaka kumi mmoja atakuwa na 62 na mwingine 37, na bado tofauti yao itakuwa ile ile 25. Njia hiyo ilifundishwa sana katika shule za Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na si ajabu kwamba ilivuka bahari pamoja na vitabu na walimu wa siku hizo.

Njia ya mwalimu inatazama ndani ya namba yenyewe. Namba 52 ni makumi matano na mamoja mawili. Ukivunja kumi moja unabaki na makumi manne na mamoja kumi na mawili, na jumla yake bado ni 52. Hakuna kilichokopwa wala kilicholipwa. Ni sawa na mtu mwenye noti ya shilingi elfu kumi aliyekwenda kuivunja dukani ili apate fedha ndogo ndogo. Mali yake ni ile ile, ila sasa anaweza kulipa nauli.

Mtoto wa darasa la tatu akishika njia hii haoneshwi tu jinsi ya kupata jibu. Anaoneshwa kwamba tarakimu hupata thamani kutokana na mahali ilipokaa, yaani mamoja, makumi, mamia na maelfu. Elimu hiyo ya thamani ya mahali ndiyo msingi wa kuzidisha namba kubwa, wa kugawanya kwa njia ndefu, na baadaye wa desimali. Hapa lugha yetu yenyewe inatusaidia. Tunaposema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, masikio ya mtoto yanasikia kumi na yanasikia kile kilichoongezwa. Ziko lugha kubwa za dunia ambazo kumi na moja na kumi na mbili zina majina ya pekee yasiyoonesha kumi iko wapi. Mtoto wetu amepewa somo la thamani ya mahali kabla hajaingia shule. Linalobaki ni sisi tusimchanganye.

MAMA WA MAANDAZI

Kuna njia ya tatu, nayo haikuandikwa ubaoni na mtu yeyote. Mtaani kwetu yuko mama auzaye maandazi ambaye shule aliipita kando. Mpe noti ya shilingi 1,000 kwa maandazi ya shilingi 650, hatakata tarakimu wala hatakopa. Ataanza na 650. Atakuwekea sarafu ya hamsini mkononi, aseme mia saba. Atakuwekea mia mbili, aseme mia tisa. Atakuwekea mia, aseme elfu. Chenji yako ni shilingi 350, naye anakwisha kumgeukia mteja mwingine.

Mama huyo ametoa kwa kujumlisha. Ameanza na namba ndogo akapanda mpaka kubwa, akikusanya hatua zake. Ukitumia njia yake kwa 52 kutoa 27, kutoka 27 mpaka 30 ni 3, kutoka 30 mpaka 50 ni 20, kutoka 50 mpaka 52 ni 2, na jumla ya hatua hizo ni 25. Ni hisabati kamili, na kwa kazi ya kichwani ni nyepesi kuliko njia yangu na njia ya mwalimu.

Namtaja mama huyu kwa makusudi. Wako wazazi wengi wanaojitoa katika masomo ya watoto wao kwa kusema, "Mimi sikusoma." Taifa hili liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wakulima na wafanyakazi waliingia madarasani jioni wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu waliofundisha kisomo wanakumbuka kwamba mtu mzima hakuja mtupu katika hesabu. Alikuja akijua pishi na kibaba, mafungu ya samaki na bei ya gunia. Alichokosa ni kuandika. Mzazi wa namna hiyo leo anaweza kumsaidia mtoto wake sana, alimradi asione haya, na alimradi mtoto asifundishwe kuona haya kwa ajili yake.

MKANGANYIKO SI JAMBO JIPYA

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mitaala inayobadilika badilika, kwamba zamani hesabu ilikuwa hesabu na kila mtu aliielewa. Maneno hayo yana ukweli kidogo na usahaulifu mwingi.

Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik angani mwaka 1957, nchi za Magharibi zilishtuka, zikaanza kubadili ufundishaji wa sayansi na hisabati. Wimbi hilo lilifika kwetu upesi. Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Wamarekani na Waingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya kile kilichoitwa hisabati mpya. Wazazi wa miaka iliyofuata walifungua madaftari ya watoto wao wakakuta duara na mabano, wakaambiwa hizo ni seti. Mzazi aliyekuwa hodari wa kujumlisha na kutoa alijiona mjinga nyumbani kwake. Nchini Kenya hisabati mpya ilifutwa mwaka 1981. Kwa hiyo baba anayekuna kichwa leo mbele ya daftari la mwanawe hana haja ya kudhani kwamba yeye ndiye wa kwanza, kwani huenda babu yake mtoto naye alikuna.

Hapa Tanzania masomo ya madarasa ya mwanzo yalipangwa upya mwaka 2015, mkazo ukawekwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mitaala ikaboreshwa tena, na ile mipya ikaanza kutumika mwaka 2024. Vitabu vitaendelea kubadilika maadamu nchi inaendelea kujifunza. Mzazi anayengoja vitabu vikome kubadilika ndipo amsaidie mtoto atangoja mpaka mtoto awe na wajukuu.

Isitoshe, mikanganyiko mingine haitoki kwenye mtaala hata kidogo. Chukua saa ya ukutani. Mshale mfupi uko kwenye 7, mrefu uko kwenye 12. Nyumbani tunasema saa moja. Mtoto anayesoma shule inayofundisha kwa Kiingereza anatakiwa aandike saba, na simu ya mama yake asubuhi inaandika saba pia. Mtoto huyo akimwambia bibi yake kwamba ni saa saba, bibi atashangaa inakuwaje adhuhuri imefika kabla ya chai. Hapana aliyekosea kati yao. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, tunahesabu saa tangu kulipokucha. Wengine wanahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Tofauti ni saa sita, basi. Mtoto akielezwa hivyo mara moja kwa utulivu, anashika hesabu zote mbili. Akikemewa kwamba hajui kusoma saa, anazipoteza zote mbili.

Ndiyo maana nasema kwamba ile methali ya fisi tuielewe vizuri. Kosa la fisi halikuwa kwamba palikuwa na njia mbili. Kosa lake lilikuwa kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja.

WAJIBU WA MZAZI

Sasa mzazi afanye nini jioni, mtoto anapomletea swali ambalo linamchanganya mtoto na pengine linamchanganya mzazi mwenyewe? Nitasema yale niliyoyajaribu baada ya kuaibika.

Kwanza, mzazi aulize kabla ya kufundisha. Siku ya pili nilimwambia binti yangu, "Leo wewe ni mwalimu, nifundishe mimi huko kuvunja kumi." Alinitazama kwanza kama kwamba namtania. Kisha akaenda kuleta vizibo vya soda alivyokuwa akivichezea na wenzake. Tukavipanga vijirundo vitano vya kumi kumi na vizibo viwili pembeni. Nikamwambia nipe ishirini na saba. Alinipa vijirundo viwili, akatazama vile vizibo viwili vilivyobaki pembeni, akanyamaza. Halafu mwenyewe, bila kuambiwa, akakisambaza kijirundo kimoja. "Ndiyo huku kuvunja," alisema. Akanihesabia saba. Vikabaki vijirundo viwili na vizibo vitano. Nilielewa njia ya mwalimu kutoka kwa mtoto wa miaka minane, na mtoto akajisikia kwamba anajua kitu ambacho baba yake hakukijua. Maswali manne yaliyobaki aliyafanya peke yake.

Pili, kwa kazi iliyotoka shuleni, njia ya shule itangulie. Mzazi akijua njia nyingine iliyo nzuri, aiweke akiba. Mtoto akishaimudu ya kwanza kiasi cha kuifanya huku anazungumza, hapo aoneshwe ya pili na aachwe agundue mwenyewe kwamba jibu ni lile lile. Furaha ya ugunduzi huo ni kubwa, lakini haina budi kuja kwa zamu yake.

Tatu, mzazi asimfanyie mtoto kazi. Daftari lililojaa alama za kupata kwa mkono wa baba linamdanganya mwalimu, ambaye kesho yake atasonga mbele akidhani darasa limeelewa. Afadhali swali moja lililokosewa kwa uaminifu kuliko matano yaliyopatwa kwa hila.

Nne, mzazi asiikebehi njia ya mwalimu mbele ya mtoto. Akiona shaka, aandike mstari mmoja kwenye daftari au afike shuleni. Inawezekana kabisa kwamba mwalimu amekosea, kwani mwalimu ni binadamu. Hilo ni la kuzungumzwa na watu wazima wenyewe, wala lisibebeshwe mabega ya mtoto.

Tano, tuache kabisa ile kauli tunayoitoa huku tukicheka, kwamba hata sisi hesabu zilitushinda na kwamba ukoo wetu hauna kichwa cha hesabu. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu mdogo katika mitihani ya kidato cha nne. Tunatafuta sababu katika upungufu wa walimu, wa vitabu na wa madarasa, na sababu hizo ni za kweli. Lakini mtoto anayefika kidato cha kwanza akiwa amekwisha kujihukumu alifungwa mapema zaidi ya hapo. Wengine walifungwa wakiwa na miaka minane, mezani nyumbani, na aliyewafunga aliwapenda.

WAJIBU WA MWALIMU

Ndugu zangu walimu watanisamehe nikiwageukia nao. Nafahamu kwamba tangu elimu msingi itolewe bila ada mwaka 2016 watoto wengi walioachwa nyuma waliingia shuleni, na jambo hilo ni la heri. Nafahamu pia kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kukaa na kila daftari na kuuliza kila mtoto aliwaza nini. Kwa hiyo sitaomba miujiza. Naomba mambo manne yanayowezekana.

La kwanza, kazi ya nyumbani iwe ya kukazia yale yaliyokwisha fundishwa na kufanyiwa mazoezi darasani. Somo jipya lisitumwe nyumbani, kwa maana huko litakutana na mzazi mwenye njia yake, au litakutana na nyumba isiyokuwa na mtu wa kuuliza. Tusisahau kwamba wako watoto wanaorudi kwenye nyumba ambamo mkubwa ni dada wa darasa la sita.

La pili, juu ya ukurasa wa kazi hiyo uwepo mfano mmoja uliokwisha fanywa, hatua kwa hatua, ambao watoto wameunakili kutoka ubaoni. Mfano huo mmoja unamweleza mzazi kila kitu kuhusu njia inayotakiwa. Kama ungekuwapo kwenye daftari la binti yangu usiku ule, pengine ningenyamaza.

La tatu, katika mkutano wa kwanza wa wazazi wa kila mwaka, baada ya habari za michango, chakula cha mchana na madawati, itengwe robo saa ya ubao. Mwalimu wa hesabu asimame aoneshe jinsi kutoa, kuzidisha na kugawanya kunavyofundishwa mwaka huo. Wazazi wengi hawatauliza swali kwa kuona haya, lakini wote watatazama.

La nne, mtoto akileta jibu sahihi kwa njia ambayo siyo ya darasani, asipigwe alama ya kosa bila neno. Aulizwe ameipata wapi. Na akileta majibu matano yaliyokosewa kwa kiasi kile kile, mwalimu ajue kwamba mtoto huyo yuko karibu sana na ukweli kuliko anavyoonekana, na kwamba neno moja litamfikisha.

Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule zetu zimjengee mwanafunzi akili ya kudadisi na kujiamini. Watumishi wa umma na walimu tumeyanukuu mawazo hayo mara nyingi katika semina na makongamano. Lakini udadisi na kujiamini havianzii kwenye semina. Vinaanzia pale mtoto anaposema, "Baba, mwalimu hakusema hivyo," na baba akajibu, "Kasemaje? Hebu nioneshe."

Usiku ule mimi sikujibu hivyo, na gharama yake niliiona kwa wino mwekundu. Baada ya somo la vizibo nilimwandikia mwalimu mistari miwili nikimweleza kwamba makosa yale matano yalikuwa ya kwangu. Mwalimu hakunicheka. Alimwambia binti yangu arudie maswali yale yale ubaoni mbele ya wenzake, akayapata yote. Jioni alinionesha daftari, kisha akauliza, "Sasa ile ya kukopa na kulipa utanifundisha lini?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Tunamaliza kwanza njia moja.